Upangaji wa Madaktari na Haja ya Visiwa Vidogo

Kila inapotangazwa orodha ya watumishi wapya, wawe ni madaktari, wauguzi au walimu, maneno yanayosikika katika visiwa vyetu ni yale yale. Wakazi wa visiwa vidogo huyahesabu majina yaliyopangwa kwao, na baada ya miezi michache huyahesabu tena na kukuta yamepungua. Waliopungua hawakufa wala hawakufukuzwa kazi. Wamehama. Mmoja amepata barua, mwingine amepata mtu wa kumsemea, wa tatu amemfuata mumewe. Wakuu wa ofisi huwalaumu vijana kwa kukosa moyo wa kuwatumikia wananchi, vijana huilaumu ofisi kwa upendeleo, na wananchi hulaumu pande zote mbili.

Kwa maoni yetu, lawama hizo zinachanganya mambo mawili ambayo yafaa yatenganishwe. La kwanza ni namna ya kupanga: nani aende wapi, na kwa utaratibu gani. La pili ni kama wapo watu wa kutosha walio radhi kwenda. Jambo la kwanza lina dawa inayojulikana, iliyojaribiwa katika nchi kadhaa kwa zaidi ya miaka 70. Jambo la pili haliponi kwa dawa hiyo hata kidogo, na hilo limethibitishwa kwa hesabu, si kwa rai ya mtu. Afisa atakayetumia dawa ya la kwanza kulitibu la pili atapoteza wakati wake na wa wananchi.

Tuanze na la kwanza, maana historia yake ina mafunzo. Katika Marekani ya miaka ya 1930 na 1940, hospitali zilikuwa nyingi na madaktari tarajali wachache. Kila hospitali ikajaribu kumwahi kijana kabla ya mwenzake. Kufika mwaka 1944 ilikuwa kawaida mwanafunzi kufungwa kwa mkataba karibu miaka miwili kabla hajamaliza masomo, wakati hata walimu wake hawajajua kama atakuwa daktari mzuri au mbaya. Vyuo vikakubaliana kutotoa habari za wanafunzi wao mpaka tarehe maalumu. Ugonjwa ukahamia kwingine: sasa hospitali zilimpa kijana muda mfupi wa kujibu. Mwaka 1945 alipewa siku 10. Mwaka 1949 lilipotolewa pendekezo la muda wa saa 12 tu, lilikataliwa kwa kuwa eti muda huo ulikuwa mrefu mno. Kijana aliyeitwa na hospitali aliyoipenda kwa nafasi ya pili alilazimika kusema ndiyo papo hapo, au kuikosa, huku akiisubiri ile aliyoipenda zaidi.

Mwaka 1952 Wamarekani wakaanzisha ofisi moja ya kati. Kila mwanafunzi aliandika hospitali alizozitaka kwa mpangilio wa upendeleo wake, na kila hospitali iliwaandika wanafunzi kwa mpangilio wake. Ofisi ikazioanisha orodha hizo kwa kanuni moja, ikatangaza majibu yote kwa siku moja. Hakuna aliyelazimishwa kujiunga, na hata hivyo karibu wote walijiunga. Miaka 10 baadaye, mwaka 1962, wataalamu wawili wa hesabu, David Gale na Lloyd Shapley, waliandika makala fupi juu ya udahili wa vyuo na uthabiti wa ndoa, bila ya kujua kwamba kanuni waliyoigundua ilikuwa tayari ikifanya kazi katika ofisi ile ya madaktari. Aliyeonyesha kwamba kanuni hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja alikuwa mtaalamu wa uchumi Alvin Roth, mwaka 1984. Roth na Shapley walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012. Gale alikuwa amekwisha kufariki mwaka 2008.

Kanuni yenyewe ni nyepesi, na msomaji aliyekulia katika mila zetu hatapata taabu kuielewa, kwa sababu wataalamu hao wenyewe waliieleza kwa mfano wa posa. Posa ikifika nyumbani, wazee wa binti si lazima waseme ndiyo siku ile ile, wala si lazima waseme hapana. Huipokea, wakaomba muda. Ikija nyingine iliyo bora machoni mwao, ile ya kwanza hurudishwa kwa heshima, na aliyerudishiwa huipeleka kwenye nyumba ya pili moyoni mwake. Akadi haifungwi mpaka pale ambapo hakuna tena posa inayotembea; ndipo zote zilizoshikwa hufungwa kwa pamoja. Gale na Shapley walithibitisha kwamba mwenendo huo lazima ufike mwisho, na kwamba ukifika mwisho hawatapatikana watu wawili, mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule, ambao kila mmoja anamtaka mwenziwe kuliko yule aliyepewa. Upangaji wa namna hiyo huitwa thabiti. Uthabiti haumaanishi kwamba kila mtu amefurahi. Maana yake ni kwamba asiyefurahi hana wa kutoroka naye.

Natuchukue mfano wa kubuni. Wapo madaktari watatu, Asha, Bakari na Chausiku, na hospitali tatu zenye nafasi moja moja: ya Mjini, ya Bandarini na ya Kisiwani. Asha anataka Mjini, kisha Bandarini, mwisho Kisiwani. Bakari anataka Mjini, kisha Kisiwani, mwisho Bandarini. Chausiku anataka Bandarini, kisha Mjini, mwisho Kisiwani. Hospitali nazo zina haja zao. Mjini inamtaka kwanza Chausiku, kisha Bakari, kisha Asha. Bandarini inamtaka Asha, kisha Chausiku, kisha Bakari. Kisiwani inamtaka Bakari mbele ya wote.

Afisa mwenye nia njema anaketi na karatasi zake, anampeleka Chausiku Bandarini, Bakari Mjini na Asha Kisiwani. Katika taarifa yake anaandika kwa fahari kwamba wawili kati ya watatu wamepata chaguo lao la kwanza. Lakini Asha angependa Bandarini kuliko Kisiwani, na Bandarini ingempenda Asha kuliko Chausiku. Hao wawili hawahitaji mtu wa kuwafundisha. Asha anapanda boti ya jioni, anaonana na mkuu wa hospitali ya Bandarini, na baada ya wiki chache barua ya uhamisho inatoka. Chausiku, akiwa ameondolewa, anabisha hodi Mjini, ambako anapendwa kuliko Bakari. Bakari naye anaondolewa Mjini, anakwenda Kisiwani, ambako siku zote walikuwa wakimngoja yeye. Sasa kila mmoja yuko katika chaguo lake la pili, na hakuna anayeweza tena kumtoa mwenziwe.

Kanuni ya posa ingefika hapo hapo kwa asubuhi moja. Asha na Bakari wanaomba Mjini. Mjini inamshika Bakari. Asha anakwenda Bandarini, anamtoa Chausiku. Chausiku anakwenda Mjini, anamtoa Bakari. Bakari anakwenda Kisiwani. Basi. Njia ya barua na boti imefika pale pale kwa kupoteza miezi, nauli na heshima ya ofisi, na kwa muda wote huo wagonjwa wa Kisiwani wamekuwa na daktari ambaye mizigo yake haijafunguliwa. Viongozi wahusika wangeliangalia sana jambo hili: taarifa inayohesabu waliopata chaguo la kwanza yaweza kupendeza kwenye karatasi na ikawa ndiyo chanzo cha uhamisho wote unaofuata.

Huenda mtu akasema kwamba mfano wa watu watatu ni mchezo wa darasani. Uingereza ilikwisha kuufanya mchezo huo kwa watu halisi. Katika miaka ya 1960 nchi hiyo ilipatwa na ugonjwa ule ule wa kuwawahi madaktari tarajali, na mikoa mbalimbali ikabuni kanuni zake. Roth alizichunguza, akatoa matokeo mwaka 1991. Edinburgh na Cardiff walitumia kanuni thabiti, nazo zikadumu. Birmingham na Newcastle walitumia kanuni ya kuzidisha nafasi: chaguo la kwanza la daktari likikutana na chaguo la kwanza la hospitali, moja mara moja, hao huunganishwa mbele ya wengine. Yaonekana ni haki tupu. Lakini wanafunzi na madaktari wakubwa waligundua upesi kwamba wakipatana kwa siri kuandikana wa kwanza, kanuni itawatii. Fomu zikaja na jina moja tu, mapatano yakiwa yamekwisha kufanyika nyuma ya pazia. Kanuni zote mbili ziliachwa.

Kuna jambo katika uchunguzi huo linalotugusa sisi wa visiwani. Mipango miwili mingine, wa London Hospital na wa Cambridge, haikuwa thabiti, na hata hivyo iliendelea. Roth alieleza kwamba huko mipango ilihusu chuo kimoja na hospitali zake, watu wakijuana kwa sura na majina, kiasi kwamba kuukwepa mpango kulikuwa aibu. Sisi pia tunajuana kwa sura na majina. Tofauti ni kwamba kwetu kujuana mara nyingi ndiko kunakoufungua mlango wa uani.

Ipo pia habari ya nani aanze kuposa, ambayo si ndogo. Imethibitishwa kwamba upande unaoanza hupata hali bora kuliko zote zilizo thabiti, na upande unaopokea hupata ile iliyo duni kwake. Marekani ilianza kwa hospitali kuposa. Katikati ya miaka ya 1990 wanafunzi wakaja juu kwamba mpango unawapendelea wakubwa. Roth na Elliott Peranson wakautengeneza upya, na tangu mwaka 1998 waombaji ndio wanaoanza. Walipopima, walikuta kwamba badiliko hilo liligusa takriban mtu mmoja katika kila elfu. Kubwa kuliko hilo ni jingine: upande unaoposa haupati faida yoyote kwa kusema uongo. Mwanafunzi huandika anachokipenda kweli, wala hana haja ya kwenda kumwuliza mjuzi wa mambo aandike nini. Kwa sababu hiyo tu tungeshauri waanze madaktari.

Hapa Tanzania tumepata kuonja hali zote mbili katika udahili wa vyuo vikuu. Tangu mwaka 2010 waombaji walipitia mfumo mmoja wa pamoja chini ya Tume ya Vyuo Vikuu. Mwaka 2017 mfumo huo uliachwa, na waombaji wakarudi kuomba moja kwa moja vyuoni. Malalamiko dhidi ya mfumo wa zamani yalikuwa ya kweli. Mtu kupelekwa chuo asichokitaka si jambo dogo. Lakini kilichofuata nacho tumekiona: mwombaji mmoja huchaguliwa na vyuo viwili, vitatu au zaidi, na Tume hulazimika kutoa tangazo la kuwataka hao wathibitishe chuo kimoja. Kila nafasi inayoshikwa bila ya kukaliwa ina mwingine anayeisubiri nyuma yake. Hilo ndilo lililozisumbua hospitali za Marekani kabla ya mwaka 1952.

Sasa tuje kwenye jambo la pili, ambalo kwa kisiwa kidogo ndilo lenye uzito.

Hospitali za vijijini Marekani zilipata kulalamika kwamba kanuni ya ofisi ya kati inawanyima madaktari, na kwamba ikibadilishwa kidogo watapata zaidi. Mwaka 1986 Roth akatoa jibu ambalo halijatenguka. Kama hospitali imebaki na nafasi wazi katika upangaji mmoja ulio thabiti, itabaki na nafasi hizo hizo wazi katika kila upangaji mwingine ulio thabiti. Zaidi ya hayo, itapata madaktari wale wale, bila kuongezeka wala kubadilika hata mmoja. Aanze kuposa daktari au ianze hospitali, hesabu ya kisiwa ni ile ile. Ikiwa hospitali ina nafasi tano na imepata wawili, hakuna fundi wa kanuni atakayewafanya watatu bila ya kuuvunja uthabiti, yaani bila ya kumweka mahali mtu ambaye ana pengine pa kwenda panapomtaka. Na huyo, kama tulivyokwisha kuona kwa Asha, hatakaa.

Ujapani ilijifunza hayo kwa gharama. Zamani idara za vyuo vikuu vyake ndizo zilizowatuma madaktari vijana katika hospitali za mikoani, na kijana alikwenda alikotumwa. Kuanzia mwaka 2004 mafunzo yalipangwa upya, na vijana wakapangwa kwa orodha za upendeleo, kwa kanuni ya posa. Vijana wengi wakachagua hospitali za mijini. Hospitali za vyuo, zilipopungukiwa, zikawarudisha madaktari waliokuwa wametumwa mikoani, na mikoa ya mbali ikalia. Serikali ikaweka kikomo cha idadi ya madaktari tarajali kwa kila mkoa, ikipunguza nafasi katika mikoa ya miji mikubwa. Wataalamu wawili, Yuichiro Kamada na Fuhito Kojima, walionyesha mwaka 2015 kwamba kikomo hicho kilitekelezwa kwa ukali usio na faida. Nafasi ziligawanywa mapema hospitali kwa hospitali, hivyo hospitali moja ikamkataa kijana inayemtaka huku jirani yake katika mkoa ule ule ikibaki na nafasi tupu, na kikomo cha mkoa hakijafikiwa. Wakatoa kanuni inayokitii kikomo bila ya upotevu huo.

Hata hivyo kikomo huwazuia tu watu wasijazane mjini. Hakimfanyi mtu apende kisiwa. Ujapani ilikuwa na njia nyingine, ya zamani zaidi, ambayo kwa maoni yetu ndiyo yenye mafunzo kwetu. Mwaka 1972 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi. Kila mkoa kati ya mikoa 47 ya nchi huchagua vijana wake wachache kila mwaka. Gharama za masomo yao ya miaka 6 huwa ni mkopo, na mkopo hufutwa kwa kijana atakayetumikia mkoa wake kwa miaka 9, ikiwamo miaka ya vijijini na visiwani. Uchunguzi umeonyesha kwamba wahitimu wake, hata baada ya kumaliza deni, huelekea zaidi kubaki vijijini kuliko madaktari wenzao. Hapa kanuni ya kuoanisha haikuguswa. Kilichoguswa ni orodha yenyewe, yaani moyo wa mtu, na uliguswa miaka mingi kabla ya siku ya kupangwa, kwa kumchukua kijana ambaye Kisiwani kwake si chaguo la mwisho.

Serikali, bila shaka, ina uwezo wa kuamrisha. Yaweza kusema kwamba kila daktari atakwenda alikopangwa, na asiyekwenda ataacha kazi. Wako wanaoitaka njia hiyo, na hatuwadharau. Mgonjwa wa Kojani au wa Mafia ana haki ya daktari kama mgonjwa wa mjini. Lakini amri inahitaji mlango wa uani ufungwe kweli kweli, kwa mtoto wa mkubwa na kwa mtoto wa mvuvi sawasawa. Amri inayowafunga wasio na mtu wa kuwasemea peke yao hupeleka visiwani wale tu walioshindwa kukwepa, na wenyeji hulijua hilo siku ya kwanza.

Habari ya wenye ndoa nayo yataka uangalifu. Mume na mke wote wakiwa madaktari, na wakitaka kukaa kisiwa kimoja, Roth alionyesha kwamba huenda usipatikane upangaji wowote ulio thabiti. Hata hivyo Wamarekani tangu miaka ya 1980 wamewaruhusu wenye ndoa kuandika orodha ya pamoja, jozi za hospitali badala ya hospitali moja moja, na katika vitendo upangaji hupatikana. Kwetu ombi la kumfuata mwenza huja baada ya kupangwa, nalo hukubaliwa au kukataliwa kwa hiari ya afisa. Lingekuja kabla, likaandikwa kwenye fomu, lingekuwa sehemu ya mpango. Na nyumba mbili za watumishi zilizojengwa karibu na hospitali ya kisiwa zingeweza kuleta jozi ya madaktari ambayo posho ya mazingira magumu peke yake haikuileta.

Tunapendekeza basi kwamba kwa kundi lijalo la madaktari, fomu itolewe yenye nafasi ya kuandika hospitali zote kwa mpangilio, na pia nafasi ya kutoiandika hospitali ambayo mtu hayuko radhi kwenda, pamoja na mistari miwili ya kueleza sababu. Vigezo vya hospitali vitangazwe mapema. Majibu yatoke siku moja, na uhamisho wa mwaka wa kwanza usikubaliwe ila kwa ugonjwa. Kisha wizara izihesabu zile fomu ambazo hospitali za visiwa vidogo hazikuandikwa, na sababu zake: wangapi wametaja nyumba, wangapi maji, wangapi shule ya watoto, wangapi boti ya kumsafirisha mgonjwa usiku. Taarifa hiyo ipelekwe kwa wanaopanga bajeti kabla hawajafunga vitabu vyao, na nakala yake ibandikwe katika ofisi ya kila wilaya yenye kisiwa.